Jana barazani wazee wamegombana: Mzee Karume alikuwa mbaguzi au hakuwa?

Mtoto wa Kikwajuni

Assalaam alaykum jamaa.

Jana baada ya Isha kahawa ilipoa vikombeni barazani kwetu, na hilo kwetu ni tukio. Mzee mmoja katoka Kisiwandui kwenye khitma ya Aprili 7, siku aliyouliwa Mzee Abeid Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, kofia bado kichwani, akakaa akasema, "Mungu amrehemu Mzee, alitutoa kwenye dhila." Mwenzake, tena wamesoma darasa moja, akamjibu hata kichwa hakuinua kwenye domino: "Amrehemu. Lakini alikuwa mbaguzi."

Basi tena. Muuza kahawa kaweka deli lake chini, kakaa kitako kusikiliza. Mpaka saa tano usiku watu wazima wawili, kila mmoja ana wajukuu, wanaitana majina ya fujo za uchaguzi wa mwaka 61.

Mimi nilinyamaza, kwa sababu suali lenyewe linalala nyumbani kwetu. Babu yangu mzaa baba alikuwa akikaa shamba la mtu huko Kiboje. Analima muhogo chini ya mikarafuu isiyokuwa yake, anapalilia, na mti wa kudumu haruhusiwi kupanda, maana ukipanda mti umedai ardhi. Machi 1964, baada ya Mapinduzi ya Januari yaliyomng'oa Sultani, ardhi yote ikatangazwa mali ya Serikali, na katika ule ugawaji wa eka tatu tatu, uliozifikia familia zaidi ya 20,000 Unguja na Pemba, babu akapata zake. Mpaka leo tunachuma pale. Skuli nimesoma, na sehemu ya sare na madaftari ilitoka kwenye karafuu zile.

Bibi yangu mzaa mama ni Mngazija. Kazaliwa Malindi, mama yake kazaliwa Malindi, Ngazija hajawahi kuiona hata kwenye kalenda. Mwishoni mwa miaka ya 60 Wangazija wa Zanzibar wakaambiwa si raia, mwenye kutaka uraia aombe tajnisi. Bibi alikuwa mwalimu. Kazi ikamponyoka, akapanga foleni kuomba nchi aliyozaliwa, na karani mmoja dirishani akamuuliza, "Umekuja lini Unguja?" Akamjibu, "Siku niliyozaliwa." Akaambiwa arudi kesho.

Kwa hiyo Serikali moja, kiongozi mmoja, imempa babu ardhi na imemvua bibi uraia. Mnanambia nini? Nataka hoja, matusi yana pahala pake.

---

Mwana Kisiwandui

Wa alaykum salaam. Kijana, umeandika kwa adabu nami nitakujibu kwa adabu, ingawa mada zenyewe hizi kila Aprili huletwa na watu wale wale.

Mbaguzi ni mtu anayemnyima mtu haki kwa ajili ya kabila lake. Mzee Karume aliikuta nchi imegawiwa kwa kabila kutoka juu mpaka chini. Mwarabu shamba, Muhindi duka, Mzungu ofisi, na Mwafrika chukuzi bandarini. Watoto waliokuwa wakifika sekondari ukiwahesabu ulikuwa unajua nchi ya nani. Sasa anayekuja kuupindua mzani huo atafanyaje bila ya kuligusa kabila? Utaondoaje mwiba bila ya kugusa nyama?

Elimu bure kaleta nani? Majumba ya Michenzani wakakaa watu waliokuwa wakiishi vibanda vya makuti Ng'ambo, kajenga nani? Kama ubaguzi ndio huo, basi na tupate wabaguzi wengi.

Na jengine. Waliokufa mikononi mwa utawala ule wengine walikuwa Waafrika wenzake, tena wa chama chake, Afro-Shirazi (ASP). Hanga alikuwa Mwarabu? Othman Shariff alikuwa Hizbu, chama cha mahasimu wetu? Wote ASP. Sema Mzee alikuwa mkali, hapo tutazungumza. Mbaguzi, hapana.

---

Kamba wa Wete

Mwana Kisiwandui, yaani utetezi wako ni kwamba hakubagua katika kuua?

---

Mpiga Bao

😂😂 Kamba kaanza mapema leo.

---

Kamba wa Wete

Sicheki yakhe, nauliza tu. Ila nami niseme la kwetu Pemba maana nyinyi wa Unguja mkizungumza Mapinduzi huwa kama kisiwa ni kimoja.

Baba yangu ni mweusi kuliko wengi mnaokwenda khitma. Kwetu Micheweni, watu wa kuvua na kulima mawe. Mwarabu mwenye shamba kubwa hatukuwa naye wa kumpindua. Wapemba wengi ndio waliokuwa wenye mikarafuu yao wenyewe, kidogo kidogo, wamechanganyika na Waarabu wameoana. Basi 1964 bakora zilipofika Pemba hazikuuliza rangi. Ziliuliza ulipiga kura wapi. Ukiwa ZPPP ya Shamte, chama kilichoungana na Hizbu, au Hizbu yenyewe, ulikuwa Mwarabu siku hiyo hata ukiwa mweusi kama chungu.

Halafu ikaja njaa. Mzee katangaza tujitegemee, mchele na unga wa nje ukakatwa, na sisi wenye karafuu zilizokuwa zikiijaza hazina tukawa tunakula mihogo mikavu na mashelisheli. Ukithubutu kuvusha karafuu kwa ngarawa kwenda Mombasa, sheria ilikuwa kifo. Mama yangu mpaka leo hamwagi maji aliyochemshia muhogo. Anayanywa.

Ndiyo maana mimi neno mbaguzi halinitoshi. Kwetu yeye alikuwa na watu wake na wasiokuwa watu wake. Ngozi ilikuwa lugha tu ya kuwatajia.

---

Bi Shumizi

Wanaume mmeandika posti zote hizi na hakuna aliyetaja 1970. Nilikuwa nasubiri.

Wasichana wanne wenye asili ya Iran, wengine hawajatimia hata umri wa kujua wanachoambiwa, waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Serikali, wanaume wa rika la baba zao. Jamaa zao waliopinga walikamatwa. Dunia nzima ilipiga kelele, hata Dar es Salaam ilipata aibu. Na Mzee hakusema kwamba ni kosa la wadogo zake. Alilitetea hadharani. Hoja yake, kama ilivyoripotiwa wakati ule, ni kwamba zamani Waarabu waliwafanya wanawake wa Kiafrika masuria bila ndoa, na sasa zamu imegeuka.

Hapo ndipo mimi napomaliza mjadala wangu. Ardhi unaweza kunambia ni haki. Nafasi za skuli unaweza kunambia ni mzani. Lakini binti wa miaka ile kakosa nini kwa suria wa karne iliyopita? Kosa lake moja: alizaliwa na nani. Mkiwa na jina jengine la kitu hicho zaidi ya ubaguzi, nipeni, nitalitumia.

---

Mwana Kisiwandui

Bi Shumizi, lile la ndoa hata wakati ule wazee walilinung'unikia. Lakini lengo lililosemwa lilikuwa kuchanganya watu, kuvunja huo ukabila wa kila mtu kuoa kwao. Wahindi walikuwa hawampi Mwafrika mtoto wao hata awe daktari. Huo nao uitwe nini?

---

Bi Shumizi

Uitwe ubaguzi, kwani nani kakataa? Baba aliyekataa posa kwa ajili ya rangi ni mbaguzi. Serikali iliyomuoza binti kwa ajili ya rangi ni mbaguzi. Tafauti yao ni kwamba baba hana polisi.

Na hili la "alikuwa mkali tu, si mbaguzi" hunishangaza. Mtu akiwa na homa na kikohozi daktari hamwambii achague kimoja.

---

Mpiga Bao

Hiyo ya baba hana polisi nimeiba, nakwenda nayo barazani Jaws Corner jioni.

---

Babu Daftari

Nimeusoma uzi wote. Naomba nirudi nyuma kidogo kwa sababu vijana mnaanza hadithi 1964, na 1964 ilikuwa mlango wa pili.

Ukabila wa Zanzibar ulikuwa na ofisi. Waingereza walipounda Baraza la Kutunga Sheria 1926, viti visivyokuwa vya maofisa viligawiwa kwa kabila: Waarabu, Wahindi, Mzungu. Mwafrika hakuwa na kiti hata cha kusimamia mlangoni. Wa kwanza, Ameri Tajo, aliteuliwa 1946, miaka ishirini baadaye. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mgao wa chakula nao ulifuata kabila, yaani hata tumbo lako lilikuwa na makaratasi. Pale Shangani palikuwa na klabu ya Waingereza ambayo Mwafrika aliingia kwa kubeba sinia. Baada ya Mapinduzi ndiyo ikawa Africa House.

Karume alikulia humo. Ujana wake kauishia kwenye meli, kisha bandarini na mashua zake, halafu African Association. Mtu wa namna hiyo huwezi kumtarajia aione nchi bila ya rangi, maana rangi ndiyo ramani aliyopewa.

Sasa nataka mkumbuke kesi ya 1957. Kabla ya uchaguzi wa kwanza, wapinzani wake walikwenda mahakamani kudai kwamba Karume si wa hapa, kazaliwa Nyasaland (Malawi ya leo), kwa hiyo hana haki ya kupiga kura wala kupigiwa. Akasimamishwa mbele ya hakimu kuthibitisha kwamba kazaliwa Mwera. Akashinda kesi, kisha akaenda jimbo la Ng'ambo akamshinda Ali Muhsin wa Hizbu kwa kura nyingi mno. Lakini lile neno "mgeni" halikufa pale mahakamani. Lilimfuata kampeni zote: mgeni, mwenda mashua, hakusoma.

Na wenye kulitumia walijiita chama cha wananchi wote bila ubaguzi. Hizbu ilikuwa na watu weusi wengi na ilihubiri umoja wa raia wa Sultani. Mdomoni hapakuwa na ubaguzi hata chembe. Basi nani alikuwa mbaguzi mwaka 57, aliyesema Uafrika kwa sauti au aliyesema umoja huku anamwambia mwenzake arudi Nyasaland?

---

Kamba wa Wete

Babu Daftari umetuwekea darasa. Ongeza Juni 1961, watu 68 walikufa katika siku za fujo baada ya uchaguzi, wengi wao Waarabu wa mashamba. Na Julai 1963 ASP wakapata asilimia 54 ya kura lakini viti 13 kati ya 31. Nami mtoto wa ZPPP nakiri: mtu ukimpa kura nyingi na viti vichache, kisha ukampa uhuru wa Disemba 10 na bendera ya Sultani, usishangae.

---

Babu Daftari

Umesema kweli, na si rahisi kwa mtu wa Micheweni kuisema.

---

Mtoto wa Kikwajuni

Nilikuwa kazini, ndio nasoma.

Babu Daftari, ile kesi ya Mwera nilikuwa naijua juu juu, lakini umeniweka macho. Hebu ifikirieni hivi. Mtu anasimamishwa mahakamani, anaulizwa umezaliwa wapi, anatakiwa alete mashahidi kwamba yeye ni wa hapa. Anajua hasa inavyouma. Miaka kumi na kitu baadaye yeye ndiye Serikali, na mwalimu wa Malindi anasimama dirishani anaulizwa umekuja lini.

Mimi hapo ndipo napokwama. Kama angekuwa mtu asiyejua ningesema hakujua. Huyu alijua. Suali lile lile aliloulizwa yeye, nchi yake ikaja kuwauliza wengine.

Sasa Mwana Kisiwandui ananambia utaondoaje mwiba bila ya kugusa nyama. Mzee wangu, nakubali. Eka tatu za babu zilitoka kwenye shamba la mtu, na mtu huyo naye alikuwa na watoto. Sizirudishi, nisidanganye. Lakini Wangazija walikuwa na ardhi gani? Wengi walikuwa walimu, makarani, mashekhe, washoni. Sheikh wa madrasa Malindi unampindua umpe nani msala wake? Hapo hapakuwa na mwiba. Hapo palikuwa na kabila tu.

Na zile nafasi za sekondari ambazo Serikali yake ilizigawa kwa kabila, mimi naziona katikati. Kumwinua aliyekandamizwa, sawa. Lakini mtoto aliyefaulu na akarudishwa nyumbani kwa sababu fungu la kabila lake limejaa, huyo ulimweleza nini?

---

Bi Shumizi

Mjomba wangu mmoja alifaulu akarudishwa. Akaenda kuwa fundi saa Mombasa. Hodari sana wa saa. Basi.

---

Mwana Kisiwandui

Mtoto wa Kikwajuni, naomba niwe mkweli kama ulivyokuwa mkweli. La Wangazija silitetei. Nimesoma na watoto wao, na mwalimu wangu wa kwanza wa hisabati alikuwa wao. Siku moja hakuja tena darasani, akaja mtu mwengine asiyejua hisabati, nasi watoto tukashangilia kwa sababu hakuwa na bakora.

Lakini silitii neno mbaguzi kwa Mzee, na sababu ni hii. Neno hilo leo likitamkwa hapa Zanzibar haliishii kwake. Ukisema Karume mbaguzi, anayefuata atasema Mapinduzi yalikuwa ubaguzi, na wa tatu atasema basi yalikuwa makosa, turudi. Na sisi tuliozaliwa Ng'ambo kwenye vibanda hatuna pa kurudi. Ndio maana tunamkingia kifua hata pale tunapojua.

---

Bi Shumizi

Kwa mara ya kwanza umesema kitu nachokielewa. Hukisemi mbele za watu lakini.

---

Ngozi Moja

[Posti hii imeondolewa na msimamizi.]

---

Mpiga Bao

Kwa waliochelewa: alimwambia mwenye uzi kwamba Wangazija warudi kwao.

---

Mtoto wa Kikwajuni

Nimeshaisoma kabla haijafutwa. Kwetu Malindi. Kwa miguu ni robo saa, na nikipita Darajani naweza kununua samaki njiani.

---

Kamba wa Wete

Huyo aliyefutwa ndiye jawabu la Mwana Kisiwandui. Wewe unaogopa ukisema neno "mbaguzi" watu watayakataa Mapinduzi. Mimi naogopa kinyume chake, kwamba usiposema, vijana wasiojua hata Mwera iko wapi watadhani ule ndio Mapinduzi yenyewe. Mnakumbuka lile bango la Januari 2016 kule Amaan, siku ya sherehe, lililowataja machotara na kusema nchi ni ya nani? Hata CCM yenyewe iliona aibu ikaomba radhi. Waliolibeba walikuwa vijana, hawajazaliwa Mzee anauliwa 1972. Wameyatoa wapi?

---

Mwana Kisiwandui

Lile bango hata mimi nililikataa. Lakini nawe Kamba usijitie malaika. Huko kwenu nako mtu wa Bara akija kufanya kazi ya uashi anaitwa nini? Chogo. Mnamcheka kichwa. Mtoto wa Kimakonde akiposa Chake mnamuuliza dini ya babu yake wa tatu. Na hapa mjini Mpemba akifungua duka la pili watu wanasema wametuvamia. Ubaguzi wa Zanzibar kama uko kwenye kaburi moja tu pale Kisiwandui, basi tungeshapona zamani.

---

Kamba wa Wete

Hapo umenipata. La machogo sina utetezi. Mke wangu ni wa Bara na harusi yangu walikuja ami zangu wawili tu kati ya saba. Waliobaki walikuwa na udhuru, wote siku moja.

---

Mpiga Bao

Kumbe Kamba nawe una yako. Mimi nilidhani mke kutoka Wete.

---

Babu Daftari

Nirudi kwenye suali, kwa sababu naona linataka kukimbia.

Kijana aliuliza kama kiongozi yule alikuwa na ubaguzi. Wengine mnapima kwa moyo wake: alikuwa na nia njema, alikuwa na uchungu. Moyo wa maiti hausomeki, na wa aliye hai hausomeki pia. Mimi nasoma yaliyotiwa saini na yaliyotetewa hadharani. Eka tatu: haki, japo iligawiwa kisiasa. Elimu na matibabu bure: haki bila shaka, na waliofaidika walikuwa wa kila kabila, tusilisahau hilo. Wangazija: ubaguzi. Ndoa za 1970: ubaguzi juu ya dhulma. Pemba: adhabu ya kisiasa iliyovishwa kanzu ya kabila.

Nanyi mnataka neno moja la kumvisha mtu mzima. Sina. Ninaloliona ni mtu aliyeonewa kwa kabila, akapata nguvu, na baadhi ya siku alizitumia kuondoa uonevu na siku nyengine kuugeuzia upande wa pili. Wapo watakaosema ni kisasi. Kisasi kwa mtu aliyekukosea, sawa, ni kisasi. Kisasi kwa mtoto wa mtu anayefanana na aliyekukosea, Bi Shumizi keshatwambia jina lake.

Na msisahau kwamba huyo aliyempiga risasi 1972 naye alikuwa na baba aliyefia kizuizini. Kila mtu katika hadithi hii ana baba.

---

Bi Shumizi

Na mama. Ila sawa.

Nina suali kwa mwenye uzi. Umetwambia ya bibi lakini hujatwambia bibi mwenyewe anasemaje. Yuhai?

---

Mtoto wa Kikwajuni

Yuhai, alhamdulillahi, anatimiza themanini na nne mwaka huu na bado anasahihisha Kiswahili changu kwenye simu. Sijawahi kumuuliza. Kwetu hayo hayaulizwi. Nikienda Ijumaa nitamuuliza.

---

Mwana Kisiwandui

Muulize taratibu. Usimuulize kama unavyotuuliza sisi.

---

*(Baada ya siku tatu)*

Mtoto wa Kikwajuni

Nimerudi, na samahani kwa kukaa kimya.

Nilimkuta anachambua mchele. Nikazunguka zunguka, nikamuuliza bei ya sukari, nikamuuliza ya miguu yake. Akanambia, "Sema ulilojia." Nikamwambia watu wanabishana kama Mzee Karume alikuwa mbaguzi, na mimi nimeitaja tajnisi yake bila ya kumtaja jina.

Kwanza aliuliza ni watu gani. Nikamwambia wa kwenye simu. Akasema, "Hao hawana kazi."

Halafu akaendelea kuchambua, nikadhani ndio imekwisha. Mara akaanza mwenyewe. Anasema siku ile ya 1972, jioni, mtu alikuja mbio uchochoroni kusema Mzee kapigwa risasi Kisiwandui. Wanawake wa nyumba ile, wote Wangazija, wote wamepanga foleni ya tajnisi, walifunga milango wakakaa gizani. Na wakalia. Nikamuuliza, bibi, mlimlilia yeye? Akasema hajui mpaka leo. Huenda ni hofu ya atakayefuata. Mmoja kati yao alikuwa akilia kwa sababu mwanawe kapata kitanda spitali bila ya kulipa wiki ile ile, na yeye mwenyewe hana uraia.

Nikarudia suali langu, alikuwa mbaguzi au hakuwa? Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeandika "ambae". Akasema, "Mimi aliniuliza nimekuja lini. Wewe mwite unavyotaka huko kwenye simu yako." Akasimama akaenda kuosha mchele.

Nilipokuwa navaa viatu akanita kutoka jikoni, akauliza kama ile mikarafuu ya upande wa babu yangu Kiboje imezaa mwaka huu. Nikamwambia imezaa. Akasema nimletee pishi moja, za dukani siku hizi ni vumbi tupu.

---

Bi Shumizi

Umempelekea?

---

Mtoto wa Kikwajuni

Ziko juani, bado hazijakauka. Jumapili inshaallah.